Ukuta wa Kina Lahoz

Mgeni hakubisha hodi. Alisimama katikati ya kichochoro, mwanamke wa makamo mwenye koti la kijivu na viatu vya mtu anayetembea sana, akaweka kiganja chake juu ya ukuta wa nyumba ya Fermina kama daktari anayempima mgonjwa homa. Akakaa hivyo kitambo. Kisha akainua uso, akaanza kulikagua paa.

Fermina alikuwa juu dirishani, akianika lozi kwenye magunia. Mkono wake ukasimama hewani. Watalii aliwajua: hupiga picha mnara wa kanisa, ambao ulijengwa kwa ajili ya adhana kabla haujatundikwa kengele, hushuka mtoni kulitazama gurudumu la maji lililooza, hunywa kahawa kwa Casto, na kabla ya saa tisa wameshaondoka. Huyu mnara hakuutazama. Alitazama paa, na si paa lolote, bali lile ambalo chini yake Fermina na marehemu mumewe Blas walificha kitu kwa miaka ishirini na sita.

Akarudi nyuma hatua mbili asionekane. Alipochungulia tena, kichochoro kilikuwa kitupu. Lakini kwenye roshani ya nyumba ya pili, iliyogawana ukuta mmoja na yake, pazia lilicheza. Leocadia naye ameona. Leocadia, dada mkubwa wa Blas, hakupitwa na kitu pale Almarfa. Hata paka akizaa ghalani, yeye ndiye wa kwanza kumjua baba.

Jioni ile baa ya Casto ilijaa kuliko Jumapili.

"Chumba amechukua kwa siku tano," alisema Casto huku akifuta bilauri ambayo tayari ilikuwa kavu. "Siku tano Almarfa! Hata mimi niliyezaliwa hapa siku tano zinanishinda. Anaitwa Beya Marfi. Katoka Tunisia, mji mmoja unaitwa Testour. Kihispania chake ni asante na samahani, basi."

"Marfi," alirudia Hilarión, mkulima wa vitunguu ambaye midomo yake haikujua likizo. "Marfi wa Almarfa. Hamsikii wenyewe? Wamoro hao, Waislamu wa kale wa huku. Wanarudi kudai nyumba zao. Kuna sheria imetoka."

"Sheria gani?"

"Ipo. Nimeisikia redioni."

"Redio yako imekufa tangu sikukuu ya Mtakatifu Roque."

Watu wakacheka, lakini cheko lenyewe halikwenda mbali. Casto akainama juu ya kaunta. "Hilarión, mfalme aliwafukuza wale miaka mia nne iliyopita. Mtu akikaa miaka mia nne bila kuuliza nyumba yake, ameshasamehe."

"Mbona basi anapima? Nimemwona kwa macho yangu, kichochoro cha Tanuri, amenyoosha mikono hivi, ukuta hadi ukuta. Halafu akaandika. Anayepima ana lake jambo."

"Na mvinyo hagusi," akaongeza mtu wa nyuma.

"Na nyama ya nguruwe kaisukuma pembeni kwa uma, kama ameona mende," alisema Casto, na hili ndilo lililoonekana kumuuma zaidi.

Ndipo wakamgeukia Fermina. Ujanani alikaa Perpignan miaka sita akichuma zabibu za Wafaransa, na Kifaransa chake, ingawa kilikuwa cha shambani, bado kilitembea. "Shangazi, wewe ndiye mwenye ulimi," alisema Casto. "Kamuulize. Kwa upole, lakini kamuulize."

Fermina alitaka kukataa. Halafu akafikiri: kama yule mwanamke amekuja kwa lile jambo, heri nimsikie mimi kwanza kuliko mwingine. Akasema sawa.

Alimkuta asubuhi ukingoni mwa mto. Ebro ulikuwa umenywea, wa rangi ya udongo, na ukungu ulikuwa haujamaliza kujikunja juu ya mashamba ya ng'ambo. Beya Marfi alikuwa ameketi kando ya mfereji wa umwagiliaji, daftari magotini, akichora kitu kwa penseli. Fermina alipomwamkia kwa Kifaransa, aliinuka haraka hadi penseli ikadondokea majini.

"Alhamdulillahi! Nimekaa siku nzima jana kama bubu."

"Unachora nini?"

Beya akamwonyesha bila kusita. Zilikuwa penu za mapaa: matofali yaliyopangwa kona mbele kama meno ya msumeno, safu juu ya safu, na ncha za boriti zilizochongwa. Alikuwa mfamasia, alisema, amestaafu mwaka jana. Nyumba ya babu yake huko Testour inavuja, upenu umeanza kuanguka, na mafundi wa siku hizi wanajua saruji tu. Ukoo wao ulikuwa ukisema tangu zamani kwamba wametoka kijiji kilicho kando ya mto, huko Aragon, na kwamba hata matofali ya Testour yalipangwa na mikono iliyojifunza huku. Kaka zake walimcheka. Yeye akakata tiketi.

"Basi nimekuja kuona mlivyopanga," alisema. "Nirudi nimwambie fundi, fanya hivi."

Fermina alimsikiliza, mikono ndani ya aproni. Ilikuwa hadithi nzuri. Tatizo ni kwamba ilikuwa nzuri mno. Mtu anayesema kweli hujikwaa, hurudi nyuma, husahau mwaka. Huyu maneno yake yalikuwa yamekaa sawasawa kama vyombo kabatini.

"Dada," Beya aliendelea, "hakuna nyumba ambayo paa lake halijaguswa? Upenu naona vizuri kwa nje, lakini jinsi boriti zinavyokaa ndani, lazima mtu apande darini. Ile yenye mlango wa kijani naona ni ya zamani kuliko zote."

Mlango wa kijani ulikuwa wa Fermina.

"Mapaa yote yameguswa," alisema Fermina. "Ile ya mlango wa kijani ndiyo kabisa. Mwaka themanini na nne waliibomoa yote wakaijenga upya."

Beya alimtazama usoni kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. "Pole," alisema. "Kwa nje haionyeshi."

Fermina aliporudi kwa Casto na kusema kwamba mgeni amekuja kuangalia mapaa, hakuna aliyeamini. Mtu avuke bahari kwa ajili ya matofali? Hilarión alisema labda ndivyo alivyotumwa aseme. Mwingine akauliza mbona wameongea nusu saa ikiwa jambo lenyewe ni matofali. Fermina akaanza kuhisi macho, yaliyokuwa yanamtafuta mgeni, yanatua juu yake pia. Na kwenye gari la mkate, siku iliyofuata, akamsikia Leocadia akiwaambia wenzake, sauti ikiwa imepandishwa makusudi: "Penye siri hapakosi lugha ya kujifichia. Mimi nasema tu."

Yeye na Leocadia walikuwa hawasemezani tangu maziko ya Blas, miaka tisa sasa, kwa sababu ya maneno yaliyotoka juu ya nani amvishe marehemu suti yake. Mkate walinunua gari moja, ukuta waligawana mmoja, salamu hakuna.

Fermina alipanda darini akafunga mlango nyuma yake. Sanduku la bati lilikuwa mahali pake, chini ya magunia ya majani ya kulalia sungura. Ndani, kwenye kitambaa cha mezani kilichochakaa, palikuwa na kitabu kimoja chenye jalada la ngozi ya mbuzi na karatasi zisizoshonwa sitini na moja, zote zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, wino wa kahawia.

Blas ndiye aliyevipata, alipokuwa akibadilisha boriti iliyooza. Kulikuwa na dari ya uongo, mwanya wa upana wa mkono, na vitu vile vilikuwa vimelala humo. Fermina alisema tumwambie padri. Blas alisema hapana. Kijiji cha jirani fundi alichimbua mitungi ya kale, serikali ikasimamisha kazi miaka miwili, na familia ikalala zizini. Wao paa lilikuwa wazi, Novemba imeingia, mama yake Blas amelala kitandani na pafu moja. "Funga mdomo, Fermina. Paa kwanza." Paa likaisha, mama akafa, na mwaka ukafuata mwaka, hadi kusema likawa jambo gumu kuliko kunyamaza. Kuficha kitu cha namna ile ni kosa kwa sheria. Hilo walilijua wote wawili.

Sasa alichukua karatasi moja akashuka nayo jikoni. Jiko la kuni lilikuwa linawaka. Ni rahisi, alijiambia, karatasi sitini na moja, na kitabu mwisho, kabla supu haijachemka. Akasogeza ile ya kwanza kwenye mlango wa jiko. Joto likaikunja kona. Ndipo alipoona, katikati ya ukurasa, mahali ambapo mwandishi alikosea, akafuta kwa kidole, wino ukatapakaa, akaandika tena pembeni. Alama ya kidole ilionekana wazi, ndogo, labda ya mwanamke. Fermina akavuta mkono. Akafunga jiko na kuketi, akiwa na hasira, hajui amemkasirikia nani.

Kisha akapata wazo lake. Atamjaribu. Atamwonyesha ukurasa mmoja tu, aone macho yake. Kama ni mwindaji wa vitu vya kale, tamaa haitafichika. Mtu mwenye njaa hajui kuangalia sahani polepole.

Beya alikuja saa kumi alasiri, ameleta boksi la tende. Fermina aliweka kahawa na lozi za kukaanga, akazungumzia baridi, akazungumzia mto, kisha akautoa ukurasa chini ya gazeti akauweka mezani bila neno.

Beya alivaa miwani. Macho yake yakaanza kutembea, kulia kwenda kushoto. Mara akakunja uso. Akarudi mwanzo. Halafu akavua miwani, na alichokiona Fermina usoni pake hakikuwa tamaa.

"Umepata wapi hii?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu si Kiarabu." Sauti yake ilikuwa imepoa. "Herufi ni zetu, hata irabu zimewekwa vizuri. Lakini maneno hayana maana yoyote, ni makelele tu. Dada, kwetu pia wapo wanaochovya karatasi kwenye chai na kuwauzia wageni. Nilidhani umeniita kunywa kahawa."

Fermina alisikia damu ikimpanda masikioni. "Mimi? Nikuuzie?"

"Basi hii ni nini?"

"Soma kwa sauti."

"Nimekwambia haina maana."

"Soma! Kama ni makelele, basi piga makelele."

Beya akavaa tena miwani, shingo upande, akaanza kusoma, silabi baada ya silabi, kama mtoto wa madrasa anayesomeshwa asichokielewa. Mstari wa kwanza ulipita, wa pili ukapita. Kwenye wa tatu Fermina alishika ukingo wa meza.

Alikuwa anaelewa.

Kilikuwa Kihispania. Si cha redio wala cha shule. Kilikuwa kama cha bibi yake mzaa mama, kilichosemwa kana kwamba mdomo umejaa mkate, na maneno ambayo Fermina hakuyasikia tangu yule bibi azikwe. Yule mmoja alizijua herufi asijue maneno, na huyu alijua maneno asijue hata alifu. Ilibidi wawe wawili ndipo karatasi iseme.

"Rudia," alinong'ona Fermina. "Polepole. Ni lugha yetu. Imevaa nguo zenu, lakini ni lugha yetu."

Beya alimtazama kama anayetafuta hila, asiione. Akarudia. Fermina akafasiri kwa Kifaransa chake cha mizabibu. Mama alikuwa akimwandikia bintiye aliyeolewa kijiji kingine. Alisema lozi mwaka ule zilikuwa chache. Alisema mtoto amepona kikohozi kwa asali na maji ya shayiri. Alisema hawamsomeshi tena mtoto dini yao chumba cha mashariki, hata kwa kunong'ona, maana...

Fermina akaisogeza sahani ya lozi.

"Maana nini?" aliuliza Beya.

"Anaendelea na lozi."

"Sivyo." Beya aliweka kidole kwenye mstari. "Hapa nimesoma Lahoz. Nimelisoma mwenyewe. Jina hilo liko kwenye sanduku la barua mlangoni pako. Dada, usinifiche. Mimi nimekusomea."

Fermina aliinamia kikombe chake. Nje gari la mtu lilipita, likafika kona, likaondoka. Kisha akasema yote, bila kuinua macho. "Anasema, maana jirani yetu Lahoz huweka sikio ukutani. Ndiye aliyempeleka mume wa Aixa kwa wale mahakimu wa Kanisa wa Zaragoza, na mume wa Aixa hakurudi."

Mle jikoni ndimo kilimokuwa chumba cha mashariki. Ukuta ulikuwa ule ule. Nyumba ya Leocadia ilikuwa ya kina Lahoz tangu kuanza kwa daftari za kanisa. Hii yenye mlango wa kijani ilikuja mikononi mwao baadaye, na Fermina, aliyeolewa humo, miaka yote alidhani kwamba ukoo ulikuwa tu na bahati ya nyumba mbili zilizogusana. Sasa alijiuliza bahati ile ilikuja mwaka gani.

Na hapo hapo, nyuma ya ukuta, karibu kabisa na kabati la vyombo, mtu akakohoa.

Si kikohozi kirefu. Kimoja, kilichobanwa upesi. Beya akageuka mweupe kama chokaa ya ukuta wenyewe. Wanawake wawili wakakaa, hawapumui, na upande wa pili pia hapakupumua mtu.

Koplo Abadía wa polisi alifika kesho yake saa nne asubuhi, na nusu ya Almarfa nyuma yake. Alikuwa kijana mpole kutoka mjini, asiyependa kesi zinazohusu vikongwe. Alimkuta Beya kwa Casto, akamwomba aje naye mlangoni kwa Fermina, na pale kichochoroni akaeleza: kuna raia ametoa taarifa kwamba mgeni anatoa vitu vya kale ndani ya nyumba za watu ili avipeleke nje ya nchi.

Raia mwenyewe alikuwa amesimama kando, shali nyeusi, mikono kifuani. "Nimesikia karatasi zikisomwa," alisema Leocadia. "Za Kimoro. Na jina la ukoo wangu likitajwa. Mwacheni afungue mkoba."

"Afungue!" alisema Hilarión.

Beya hakuelewa maneno, lakini mkoba ulioonyeshwa kwa vidole kumi na vitano unaeleweka kwa lugha yoyote. Aliufungua mwenyewe, akatoa kila kitu juu ya kizingiti: futi ya chuma, daftari la michoro, dawa za presha, leso, na mfuko wa lozi. Kichwa hakukiinamisha. Koplo alipekua daftari. Mapaa, mapaa, mapaa.

"Si lazima ziwemo humo," alisema mtu. "Huenda ameshazituma."

Fermina alisimama mlangoni pake. Njia rahisi ilikuwa mbele yake, pana kama barabara ya Zaragoza. Angenyamaza tu. Mgeni angeambiwa afungashe, basi la mchana lingemchukua, na sanduku la bati lingerudi chini ya majani ya sungura hadi siku ya kufa kwake. Wala asingehitaji kusema uongo hata mmoja. Kijiji kilikuwa tayari kinamsemea.

Akamtazama Beya aliyekuwa akirudisha dawa zake mkobani, moja moja, mbele ya watu wote.

"Karatasi ni zangu," alisema Fermina. "Ziko darini. Ziko darini tangu mwaka themanini na nne. Blas alizipata, na mimi na Blas tulizificha. Huyu nimemwonyesha ukurasa mmoja, tena jana, tena kwa hila. Hana kosa lolote. Koplo, kama unataka mtu, nichukue mimi."

 Leocadia akacheka, kicheko kikavu. "Blas? Uongo. Blas hakuwahi kunificha kitu."

"Alikuficha wewe kuliko wote, wifi."

"Kwa nini anifiche mimi? Mimi dada yake!"

"Kwa sababu unasikiliza."

Fermina hakulisema kwa ukali. Labda ndiyo maana lilimwingia. Leocadia alijifunika shali vizuri ingawa jua lilikuwa limeshatoka, akaingia ndani kwake.

Koplo alipanda darini, akatazama, akapiga simu. Mtu wa nyaraka za kale angekuja kutoka mjini kesho asubuhi. Fermina angeandikiwa barua, labda faini, labda onyo. Yeye koplo hakujua, jambo kama hili lilikuwa halijamtokea. Alifunga sanduku kwa kamba, akaandika tarehe. "Lisiguswe," alisema. Alikuwa bado hajafika kona ya kanisa Fermina alipoifungua kamba.

Walikuwa wamesoma kurasa mbili, yeye na Beya, mlango ulipobishwa. Leocadia alisimama nje. Miaka tisa ilikuwa haijaona unyayo wake kwenye kizingiti kile.

"Nataka kusikia hilo jina," alisema. "Kwa masikio yangu."

"Ulishalisikia."

"Kupitia matofali. Nataka kulisikia mbele yangu."

Fermina alimvutia kiti. Beya akautafuta ukurasa, akasoma, safari hii kwa utulivu, na hapakuhitajika mfasiri; Leocadia alielewa kama Fermina, na pengine zaidi, kwa kuwa alikuwa mkubwa. Jina lilipotajwa hakutikisika. Beya akaendelea. Maneno yaliyofuata Fermina alikuwa bado hajayasikia, kwa kuwa jana kikohozi kiliwakatiza.

Mama yule aliandika kwamba siku walipomchukua mume wa Aixa, mke wa Lahoz aliwaletea mkate, wa moto, umefunikwa kwa kitambaa safi. "Sikuula," aliandika. "Nilimpa mbwa, nikakaa naye uani kutwa nzima nikimwangalia kama atakufa. Mbwa hakufa. Tangu hapo sijui la kufikiri juu ya yule mwanamke, na kila nikimwona mferejini naangalia pembeni."

 Leocadia akagonga meza kwa kifundo cha kidole. "Mmesikia? Mbwa hakufa."

"Nimesikia," alisema Fermina.

"Halafu kina Lahoz wako wengi. Aragon yote imejaa kina Lahoz. Nani kasema ni sisi?"

"Hakuna aliyesema."

"Basi." Lakini hakuinuka. Alivuta kiti karibu na meza. "Muulize kama kuna ukurasa mwingine unaotutaja."

Walisoma hadi Beya akakauka koo. Hapakuwa na jina tena, au kama lilikuwepo, lilikuwa kwenye kurasa ambazo hawakuzifikia. Kulikuwa na zamu za maji, dua, dawa ya macho, ugomvi juu ya mbuzi. Leocadia aliondoka bila kuaga, kama alivyokuja bila salamu, ila alifunga mlango polepole.

Kisha Fermina alimpandisha Beya darini. Ilikuwa saa ambayo jua huingia kwa ulalo chini ya vigae, na boriti zilionekana zote, kongwe, zimechongwa kwa shoka. Beya alicheka peke yake. Alilala chali juu ya majani ya sungura kwa koti lake zuri, akachora kwa saa nzima, na Fermina akamshikia ncha ya futi, akihamia hapa, akihamia pale, kama kibarua.

"Ulisema ilibomolewa yote," alisema Beya bila kuacha kuchora.

"Nilisema."

Beya aliposhuka kunawa mikono, Fermina alibaki na sanduku. Alisikiliza maji yakimwagika chini. Akapiga magoti akahesabu karatasi. Sitini na moja. Akahesabu tena kutoka mwisho. Sitini na moja, na kitabu. Akafunga kamba, fundo lile lile la koplo, na uso ukamchoma ingawa hapakuwa na mtu wa kumwona.

Asubuhi mtu wa nyaraka alikuja, mwanamke mdogo mwenye glavu nyeupe, akalichukua sanduku kama anayebeba kichanga. Alimwambia Fermina kwamba ataitwa mjini kutoa maelezo. Mchana Fermina alimsindikiza Beya hadi kituo cha basi, wakapita mbele ya baa ambapo Hilarión alivua kofia, asijue kama anasalimu au anaomba radhi, na kwa hiyo akairudisha upesi.

Basi lilipoonekana darajani, Beya alimgeukia.

"Jana nilipokwenda kunawa," alisema, "ulizihesabu?"

Fermina alitazama mto. Angeweza kukataa. "Mara mbili," alisema.

Beya aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu la haki. "Mimi ningehesabu mara tatu," alisema, akambusu shavu hili na hili, akapanda.